Stoo hujazwa Julai, si wiki ya uhaba

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania. Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo ya rejareja kati ya Sh2,700 na Sh3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, lakini mitaani kilo ilivuka Sh4,000. Bei rasmi inapokuwa chini ya bei ya soko namna hiyo, rafu za supamaketi ndizo zinazokauka kwanza. Supamaketi inabandika bei ukutani na kutoa risiti, kwa hiyo haiwezi kuuza juu ya kikomo bila kuonekana. Mzigo hukimbilia pale ambapo bei hunong'onwa. Anayezunguka supamaketi tatu akitafuta sukari kwa bei halali anapoteza nauli, na akirudi dukani kwa Mangi anakuta robo kilo imepanda tena.

Uhaba ule haukuanguka kutoka mbinguni ghafla. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023, mashamba ya miwa yakajaa maji, magari yakashindwa kuingia kuvuna, na miwa iliyolowa sana hupungua utamu. Ukiacha El Niño, hata mwaka wa kawaida viwanda vyetu vya sukari husimama kipindi cha masika kwa matengenezo na kuanza kusaga tena karibu na Juni. Kwa hiyo kila mwaka kuna dirisha la miezi michache ambapo nchi inakula akiba tu. Ramadhani ya 2024 iliangukia Machi, katikati kabisa ya dirisha hilo. Mtu aliyejua kalenda hii alikuwa na nafasi ya kujipanga tangu Julai iliyotangulia, kwa kilo moja ya ziada kila mwezi.

Hoja ya makala haya ni hiyo. Rafu tupu si kitu kimoja, zina sababu tofauti na kila sababu ina dawa yake. Stoo ya nyumbani inayosaidia ni ile iliyojengwa polepole wakati wa mavuno, kwa vyakula ambavyo familia inakula tayari. Na inapoharibika, mara nyingi chanzo ni unyevu.

Tuanze na sababu. Ya kwanza ni bidhaa kutokuwepo kweli, kama sukari ya 2024. Hapo subira ni ya miezi, kwa sababu meli lazima ifike au msimu uanze. Ya pili ni bei. Kenya mwaka 2017, baada ya ukame, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita Sh150 za Kenya. Mwezi Mei serikali ikaleta unga wa ruzuku wa Sh90. Rafu zikawa zinajazwa asubuhi na kufagiwa kabla ya saa sita, maduka mengi yakaweka kikomo cha pakiti mbili kwa mteja. Unga ulikuwepo, ila wa bei ile ulikuwa mchache kuliko watu waliouhitaji. Ya tatu ni duka lenyewe kuugua. Nakumatt, iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilianza kuonyesha rafu tupu kwa sababu ilishindwa kuwalipa wanaoiletea bidhaa. Sukari na sabuni zilijaa duka la pili yake. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifilisiwe.

Ya nne ni hofu, na hii sisi wenyewe ndio tunaiumba. Supamaketi haina ghala kubwa nyuma ya mlango. Inaweka mzigo wa siku chache na kutegemea gari la kesho. Familia mia zikinunua mfuko mmoja zaidi siku ileile, rafu inaisha jioni, picha inasambaa WhatsApp, na kesho yake familia mia tano zinapanga foleni. Anayeumia ni mama anayenunua kwa kipimo, nusu kilo ya unga na mafuta ya Sh500, kwa sababu yeye hawezi kununua leo chakula cha wiki ijayo hata akitaka.

Ndiyo maana kabla ya kubeba chochote jiulize: je, duka la pili linacho? Kama kipo kwingine, tatizo ni la duka, hama. Kama kipo kila mahali ila kimepanda, angalia chanzo cha bei. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia Aprili 28 na kufungua tena Mei 23, wakati bei ilikuwa juu tayari kwa sababu ya vita ya Ukraine. Aliyenunua madumu matano katika wiki zile alinunua kileleni. Dumu moja lililokuwa kabatini tangu Januari lilitosha kumvusha.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo fedha inapookolewa. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Ruvuma, Rukwa, Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa, huvunwa kuanzia Mei hadi Agosti, na bei hushuka zaidi Julai na Agosti. Kuanzia Desemba hupanda hadi mavuno mapya. Kenya saa imegeuka: Trans Nzoia na Uasin Gishu huvuna Oktoba hadi Desemba, hivyo gunia la bei nafuu ni la Novemba na Desemba. Mpunga wa Kyela, Usangu na bonde la Kilombero huingia sokoni Mei hadi Julai. Maharage ya Kagera na Kigoma huja mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na katikati. Ukiyapanga haya kwenye karatasi utaona kwamba kwa mkazi wa Dar es Salaam au Dodoma, Julai ni mwezi wa kujaza karibu kila kitu.

Kiasi gani? Usianze na orodha ya mtu mwingine. Chukua wiki nne, andika kwenye kalenda ya ukutani siku pakiti ilipofunguliwa na siku ilipokwisha. Familia ya watu watano inayokula ugali jioni tano kwa wiki, kilo moja kila jioni, inatumia kilo 5 kwa wiki, na akiba ya wiki sita ni kilo 30. Maharage nusu kilo kwa mlo, mara tatu kwa wiki, ni kilo 9 kwa kipindi hicho. Sukari kilo moja kwa wiki ni kilo 6, ila kwa sababu dirisha la sukari hurefuka kuliko mengine, ni vizuri ifike kilo 10. Mafuta lita 5, chumvi kilo 2, majani ya chai robo tatu ya kilo. Wiki sita zinatosha kuvuka misukosuko mingi ya rafu. Miezi sita ya akiba inafaa kwa nafaka tu, tena kwa mwenye mahali pakavu.

Na nunua mahindi, usinunue unga wa wiki sita. Kiini cha mahindi kina mafuta, na kikishasagwa mafuta hayo yanakutana na hewa. Dona ikikaa wiki tatu hadi nne, hasa Pwani kwenye joto, inaanza kuwa chungu. Sembe imekobolewa, kiini kimetoka na pumba, kwa hiyo inavumilia miezi. Punje nzima ikiwa kavu inavumilia mwaka na zaidi. Debe moja la mahindi lina kilo 17 hadi 18, na gunia la kilo 100 ni kama madebe sita yasiyo na lumbesa. Saga debe moja moja. Unga ukitoka mashineni una joto. Ukiufunga hapo hapo kwenye ndoo unatoa jasho, na baada ya siku chache unakuta mabonge na harufu ya uvundo. Utandaze kwenye sinia pana au shuka safi mpaka upoe kabisa, ndipo ufunge.

Hapa nitakaa kidogo, maana unyevu ndio unaoua stoo. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mahindi ya kuhifadhi Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Kuuma punje kwa jino kunasaidia, lakini kunadanganya. Kipimo cha chumvi ni bora na hakigharimu. Kaanga chumvi kavu kwenye sufuria bila mafuta mpaka isishikane tena, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chakula vya chumvi ile, funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Ikiteremka yote chini, yako chini ya 15. Hapo huenda bado hujafika 13.5, kwa hiyo yaanike siku moja au mbili zaidi za jua kali juu ya turubai, si juu ya udongo, huku ukiyageuza.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chumvi huanza kunyonya maji hewa inapofikia unyevu wa karibu asilimia 75, na mahindi ya asilimia 15 yanatengeneza hewa ya namna hiyo ndani ya chupa iliyofungwa. Ukishaelewa hili utaelewa pia kwa nini chumvi ya mezani inalowa Tanga na Mombasa lakini inabaki kavu Dodoma. Hewa ya Pwani mara nyingi iko juu ya asilimia 75. Gunia la kitambaa lililotoka Songea likiwa kavu vizuri, likikaa wazi Temeke miezi miwili ya masika, linarudisha unyevu wenyewe. Gunia lilelile likikaa Dodoma halina shida hiyo. Mtu wa Pwani hana ruhusa ya kuhifadhi nafaka kwenye gunia la kawaida. Ndoo yenye mfuniko unaobana, au mfuko usiopitisha hewa, ni lazima kwake.

Unyevu ukizidi, kinachofuata ni ukungu, na ukungu wa aina ya Aspergillus unazalisha sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi. Chambua punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizovunjika, kwa sababu sumu nyingi imejaa humo, kisha zifukie. Usimpe ng'ombe, maana sumu inapita kwenye maziwa. Gunia lenye ukungu uliotapakaa halina wa kulila, si kuku wala mtu. Inauma kutupa gunia zima, najua, lakini hakuna namna ya kuliokoa.

Wadudu ni adui wa pili. Fukusi tumewazoea, ila dumuzi, ambaye wengi humwita skania, ni balaa jingine. Alitoka Amerika ya Kati na alionekana Tabora kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gunia likibunguliwa na dumuzi unaliona kwa vumbi jeupe chini yake. Wote hawa wanahitaji hewa ili kuishi, na hapo ndipo mifuko ya PICS isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wanaiita kinga njaa, inapofanya kazi bila dawa. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya gunia la kawaida. Kabla ya kutumia, pulizia kila mfuko wa nailoni hewa kama puto, kunja mdomo, minya taratibu usikilize kama unavuja. Mimina mahindi makavu, yashindilie yasiache nafasi za hewa, toa hewa ya juu kwa mikono, sokota shingo ya mfuko wa ndani, ikunje, funga kwa kamba ya mpira. Rudia kwa wa pili, kisha gunia la nje. Usifungue mwezi mzima wa mwanzo. Kila ukifungua unawarudishia hewa waliobaki hai. Panya akitoboa tundu moja, kazi yote imeharibika, kwa hiyo ondoa pumba na mabaki yaliyomwagika pembeni, na gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Sakafu ya saruji hutoa unyevu, na gunia lililolala chini huoza kitako wakati juu linaonekana zima.

Pipa la chuma ni zuri dhidi ya panya, ila usiliweke chini ya bati lisilo na dari. Mchana linachemka, usiku linapoa, na jasho linatiririka ndani kwenye kuta zake. Utakuta punje za pembeni zimeota ukungu na za katikati ziko salama.

Kwa nyumba ya mjini yenye kabati tu, ndoo za lita 20 zilizokuwa za mafuta ya kula zinatosha. Ndoo moja inabeba mchele kilo 16 hivi. Zioshe kwa sabuni, zikauke siku nzima, na zisiwe zile zilizobeba rangi au kemikali, hata zikisafishwa vipi. Mchele usiuanike juani ili kufukuza fukusi. Jua kali linaupasua punje na ukiupika unageuka chenga, tena mayai ya fukusi yako ndani ya punje na jua halitayafikia yote. Mwenye friza aweke mchele au maharage humo siku nne akiwa ameyafunga kwenye mfuko, kisha ayaache yarudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko, ili umande usigande juu ya punje. Ndipo yaingie kwenye ndoo.

Kunde na choroko ndizo zinazobunguliwa upesi kuliko zote, kwa sababu mayai huja nazo kutoka shambani. Umenunua safi, baada ya mwezi zina matundu. Muuzaji huenda hakukudanganya. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kila kilo moja, zikichanganywa mpaka zing'ae, huyazuia mayai kuanguliwa. Majani ya mwarobaini na pilipili kavu yanasaidia kidogo, lakini usiyategemee peke yake. Dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka ni ya magunia ya mahindi, kwa kipimo cha lebo, na ina siku za kusubiri. Haina kazi kwenye ndoo ya mchele wa kupika wiki hii. Na vile vidonge vya kufukizia, vinavyotoa gesi ya fosfini, visiingie kabisa kwenye nyumba ambayo watu wanalala. Gesi hiyo inapita chini ya mlango na inaua familia usingizini.

Maharage yana ugonjwa mwingine: yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanagoma kuiva. Utachemsha saa tatu na bado yana kokoto ndani. Si kosa la jiko. Ganda na ndani yake vimeshabadilika. Kwa hiyo maharage ya Pwani yaliwe ndani ya miezi sita, yaloweshwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Magadi yanalainisha, ila yanapunguza vitamini B, basi yawe ya dharura. Kuloweka kunaokoa nishati pia, na hili watu wanalisahau: stoo iliyojaa maharage makavu na mtungi mmoja wa gesi wa kilo 6 unaokaribia kuisha haijakamilika. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Pima kwa mizani ya sokoni, toa uzito huo, utajua gesi iliyobaki.

Mafuta yahifadhiwe gizani. Dumu linalong'aa dirishani huharibika mapema, na likifunguliwa lisizidi miezi miwili au mitatu. Yakiganda na kuwa meupe Makete au Mufindi, hayajaharibika. Mafuta ya mawese hufanya hivyo kwenye baridi na yatarudi ukiyapasha. Sukari haiozi, inachohitaji ni mfuniko unaobana kuzuia unyevu na sisimizi. Dagaa wa kuhifadhi awe mkavu kiasi cha kukatika ukimkunja. Akipinda kama mpira, mrudishe juani kabla ya kumfunga. Vya kopo na pakiti viwe vile unavyopika kweli. Cha zamani mbele, kipya nyuma, na tarehe iandikwe kwa kalamu nene mahali inapoonekana bila kushika.

Linabaki swali zito kuliko yote: anayelipwa kwa siku atajazaje stoo? Hawezi gunia, na kumwambia aweke akiba ya wiki sita bila kumwonyesha njia ni kumkosea heshima. Njia ipo kupitia vikoba na vikundi vya majirani vilivyozoeleka. Watu sita wakichanga kila wiki kuanzia Machi, kufikia Julai wanaweza kuagiza gunia moja la kilo 100 kwa kila awamu, mahindi au maharage, kwa bei ya jumla na nauli moja ya lori badala ya sita. Kosa linalovunja vikundi hivi ni kuliacha gunia nyumbani kwa mweka hazina na kuchota kidogo kidogo. Kila kuchota kunaingiza hewa na unyevu, na gunia likipungua bila maelezo watu wanaanza kutazamana. Siku litakapofika, lipimwe chumvi mbele ya wote, lipimwe mizani, ligawanywe sehemu sita sawa za karibu debe moja, na kila mtu aondoke na ndoo yake imefungwa.